Kurekodi Kwaya Nyumbani: Tuchague Kadi Gani ya Sauti?



Kwaya ya kigango hapa Kerenge ikitaka kurekodi nyimbo zake, safari ya studio Tanga mjini au Dar es Salaam ina gharama kubwa, kuanzia nauli ya wanakwaya wote. Siku hizi kompyuta ya mkononi inaweza kufanya kazi hiyo sebuleni au ukumbini. Kinachohitajika ni kadi ya sauti ya nje. Kifaa hiki hupokea umeme mdogo wa maikrofoni, huukuza, kisha huugeuza kuwa namba ambazo kompyuta inaweza kuzihifadhi.

Kabla ya kuuliza bei, tujiulize: tutarekodi maikrofoni ngapi kwa wakati mmoja? Mwimbaji anayerekodi sauti moja moja anatoshwa na tundu moja, kama lililomo kwenye Focusrite Scarlett Solo. Kwaya inayoimba pamoja mbele ya maikrofoni mbili itafaa kutumia Scarlett 2i2. Mkitaka soprano, alto, tena na besi kila moja na maikrofoni yake, tafuteni yenye matundu manne, kama Behringer UMC404HD.

Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tulinunua mikisa yenye waya wa USB, tukaunganisha maikrofoni nne, tukaimba siku nzima. Tulipofungua kompyuta tukakuta njia mbili tu, sauti zote zimeshachanganywa. Mikisa nyingi ndogo hufanya hivyo. Tena ilifunika besi na hatukuweza kuipunguza. Mzee aliyeongoza besi siku ile hatunaye tena, na sauti yake ndiyo hiyo, kwa mbali.

Yako mambo mengine matatu ya kuangalia. Kwanza, maikrofoni za kondensa huhitaji volti 48 kutoka kwenye kadi; za dainamiki, kama Shure SM58, hazihitaji. Pili, kadi iwe na tundu la hedifoni linalomwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja, bila sauti kuzungukia kwenye kompyuta na kuchelewa. Tatu, tufikirie umeme. Solo na 2i2 hutumia umeme wa kompyuta kupitia USB, hivyo umeme ukikatika kazi huendelea hadi betri iishe. UMC404HD ina adapta yake na huhitaji umeme wa ukutani.

Namba kubwa kwenye boksi zisitutishe. Biti 24 na kilohezi 48 zinatosha kabisa kwa kwaya.

Kabla ya kulipa, azimeni kadi ya namna hiyo, rekodini wimbo mmoja, kisha jaribuni kupunguza sauti moja peke yake. Ikipungua bila kugusa nyingine, fedha ya kwaya itakuwa imekwenda mahali pake.