Mwalimu Alipokataliwa: Stika ya 1994 na Stika ya 2022

Mwishoni mwa muhula uliopita, baada ya kipindi chetu cha mazungumzo mjini Riyadh, mhadhiri wetu mmoja alitoa pochi yake, akachomoa kitu kidogo kilichohifadhiwa ndani ya plastiki. Ilikuwa stika ya Panini ya Kombe la Dunia la 1994, yenye sura ya mchezaji wa Saudia. Aliipata akiwa shule ya msingi, na ameitunza tangu siku hiyo. Akamgeukia mwenzetu wa mwaka wa tatu, ambaye wote tunajua ana stika ya Salem Al-Dawsari ya mwaka 2022, akamwambia: "Nipe hiyo yako, nami nikupe hii."

Tulinyamaza wote. Tulidhani mwenzetu ataidaka bahati hiyo kabla Mwalimu hajabadili nia. Badala yake aliweka mkono kifuani, akasema, "Uniwie radhi, Mwalimu. Yangu siitoi."

Mwalimu alicheka, lakini tuliokuwepo tuliona kwamba neno lile lilimgusa. Tangu hapo ubishi haujaisha, wa Riyadh kwa wa Jeddah. Inakuwaje kijana akatae kitu cha miaka zaidi ya 30 na kushikilia cha juzi? Wengine walisema ni utovu wa adabu. Sisi tuliokaa naye tukamsikiliza tunaona ana hoja, na hoja yenyewe ni ya wakusanyaji wengi wa rika letu.

Kwanza tuseme tunazungumzia nini, maana neno lenyewe lilitupa taabu. Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba una kadi, atakuuliza harusi ni ya nani. Ukimwambia mpenzi wa mpira, atafikiri umeonyeshwa ya manjano. Tumekubaliana klabuni kusema kadi za wachezaji kwa zile ngumu, na stika kwa zile za kubandika kwenye albamu. Ile kadi ya kwanza kabisa ya mchezaji, ambayo wakusanyaji huipigania kuliko zote, tumeiita kadi ya mwanzo. Wahadhiri wakiwa na neno bora zaidi, tunalipokea.

Kadi za kale zina hadithi tamu, hatukatai. Zilianza zikiwa vitu vya bure ndani ya pakiti za sigara, halafu zikaja na pipi za kutafuna. Kampuni ya Topps ya Marekani ilitoa mwaka 1952 kadi za besiboli ambazo nyingine hazikununuliwa. Zilikaa ghalani miaka kadhaa, hata Sy Berger, mtu aliyezibuni, akasimulia baadaye kwamba zilipakiwa kwenye tishari na kumwagwa baharini. Katika zilizobaki, moja ya Mickey Mantle iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Mtu akisikia hivyo hukimbilia sandukuni kwa babu yake.

Lakini babu zetu hawakuwa na kadi za Mantle. Hapa ndipo mkusanyaji wa Riyadh au wa Dar es Salaam anapoachana na mwenzake wa New York. Timu ya taifa ya Saudia ilitwaa Kombe la Asia mwaka 1984 na tena 1988, ila haikufika fainali za Kombe la Dunia mpaka 1994, mwaka ambao Saeed Al-Owairan aliikimbiza mipira na mabeki wa Ubelgiji tangu nusu yake ya uwanja hadi wavuni. Kwa hiyo mtoto wa Kisaudia anayetafuta sura ya kwao katika albamu za Kombe la Dunia hawezi kurudi nyuma ya mwaka huo. Wakusanyaji wa Marekani hawaiiti 1994 kale hata kidogo. Kwao ni miaka ile ambayo viwanda vilichapa kadi bila kiasi mpaka zikakosa thamani.

Kwa Afrika Mashariki hali ni kavu zaidi. Zaire ilicheza fainali za 1974 kule Ujerumani Magharibi, ikafungwa mechi zote tatu, 9-0 na Yugoslavia ikiwemo. Ukiiondoa hiyo, albamu za kale zimefungwa: hadi fainali za 2022, Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwa zimefuzu hata mara moja. Mwenzetu kutoka Tanga alisema jambo ambalo hatukuwa na jibu lake: kukusanya kadi za kale kwake ni kukusanya picha za wajomba wa watu wengine.

Tulijaribu hata hivyo. Likizo ya katikati ya muhula, sisi wa Riyadh tulizunguka Haraj bin Qasim asubuhi nzima, na wenzetu wa Jeddah wakapita Haraj al-Sawarikh. Tuliona redio za mbao, kanda za kaseti, saa zilizosimama, sarafu za nchi ambazo hazipo tena. Za mpira tulipata albamu mbili zilizojaa nusu, na kurasa za katikati zimeng'olewa. Muuzaji alitaja bei kama vile kurasa zote zipo.

Hilo la hali ya kadi nalo lina uzito. Kadi ya kale huthaminiwa kwa kutokuguswa, yaani bora ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeichezea. Ndiyo maana kuna kampuni za kuzipima na kuzipa alama hadi 10, na ndiyo maana kuna wanaozikata kingo ili zionekane mpya. Kadi ya Honus Wagner iliyokuwa ya kwanza kupimwa na kampuni ya PSA, na ambayo kwa miaka ilikuwa kadi maarufu kuliko zote duniani, iligundulika kuwa ilikatwa. Mfanyabiashara Bill Mastro alikiri hivyo mahakamani mwaka 2013. Ikiwa mabingwa walidanganyika, sisi wenye riyali za posho tutaponea wapi? Kadi mpya nazo hughushiwa, tusijidanganye. Tofauti ni kwamba ukiifungua pakiti kwa mkono wako, unajua imetoka wapi.

Turudi kwa mwenzetu na Al-Dawsari wake. Pakiti ile alinunuliwa na kaka yake mwezi wa Septemba 2022, miezi miwili kabla ya fainali za Qatar. Wakati huo ilikuwa stika moja kati ya 670 za albamu nzima. Aliiweka kando kwa sababu alikuwa nayo nyingine. Halafu ikaja tarehe 22 Novemba, uwanja wa Lusail. Messi akafunga kwa penalti, Saleh Al-Shehri akasawazisha, na katika dakika ya 53 Al-Dawsari akawapita wawili na kupiga lile shuti. Saudia 2, Argentina 1. Mfalme akatangaza siku ya pili yake kuwa mapumziko, na mwenzetu anasema alikaa kitandani asubuhi ile yote, stika mkononi, akiitazama kama vile imebadilika.

Haikuwa imebadilika. Ilichapwa kabla ya bao. Hapo ndipo tunapoona kiini cha jambo. Stika ya Mwalimu ilimpitisha njia hiyo hiyo mwaka 1994: aliishika wakati hakuna ajuaye Al-Owairan atafanya nini Washington. Ila kwa mtu atakayeipokea leo, kisa kimekwisha, kimesimuliwa, kina bei. Anayenunua kadi ya kale hununua jibu. Mwenye kadi mpya ana swali, na hulijibu pamoja na mchezaji mwenyewe. Al-Nassr wanacheza katika uwanja uliomo ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, na Ronaldo yumo mji huu tangu Januari 2023. Jeddah wamemwona Benzema akivaa jezi ya Al-Ittihad, klabu iliyoanzishwa 1927. Sura iliyo kwenye kadi unaweza kuiona kwa macho yako jioni ya Alhamisi.

Kwa dada zetu jambo hili lina uzito wa namna nyingine. Wanawake waliruhusiwa kuingia viwanjani kutazama mechi za mpira nchini humu mara ya kwanza tarehe 12 Januari 2018, katika mechi ya Al-Ahli na Al-Batin hapo Jeddah. Mmoja wao alikuwepo usiku ule na mama yake. Anasema kadi yoyote ya kabla ya mwaka huo kwake ni ya mechi iliyochezwa nyuma ya ukuta. Ana haki, na hatuoni mtu mwenye kadi ya Wagner anaweza kumwambia nini.

Sasa doa la upande wetu, maana Jeddah hawatatusamehe tukilificha. Pakiti iliyofungwa ni kitu usichokijua. Kadi mpya zenye saini, zenye kipande cha jezi, zilizochapwa moja tu duniani, zote huuzwa kwa mtindo huo: lipa kwanza, ujue baadaye. Wenzetu wawili wa kozi ya sharia wanasema hiyo ni gharari, biashara ya kitu kisichojulikana, na kwamba anayefungua pakiti 20 kwa usiku mmoja akitafuta saini moja yuko karibu na kamari kuliko anavyokubali. Wao hununua kadi moja moja, wakiiona. Katika hili kadi za kale zinatushinda, kwa kuwa unaona unacholipia. Hatutoi fatwa, ila baadhi yetu tumeacha pakiti za bei kubwa.

Na kuna njia ya tatu. Clara Luvanga wa Tanzania yuko na timu ya wanawake ya Al-Nassr tangu 2023, hapa hapa Riyadh. Tulitafuta kadi yake madukani tukakosa, basi tukatengeneza wenyewe. Mwenzetu anayechora alichora, tukachapisha nakala 11 kwenye karatasi ngumu na kuzitia nambari. Nyuma yake tumeandika kwa Kiswahili: jina, mshambuliaji, nchi, klabu. Tulibishana nusu saa juu ya neno la takwimu za mabao, mpaka duka la kuchapisha likakaribia kufungwa. Nambari 7 iko Jeddah na mwenyewe hataki kusikia habari ya kubadilishana.

Juzi Mwalimu alikuja tena kwenye kipindi. Hakutaja biashara. Alimwomba mwenzetu amwonyeshe tu, akaishika stika kwa ncha za vidole, akaigeuza chini ya taa.

"Dakika ya ngapi vile?" akauliza.

"Ya 53, Mwalimu."

Akamrudishia, akatoa pochi na kuiweka ya kwake mezani, ili sote tuione vizuri.