Mnahama? Hesabuni Kwanza Wanawake Walio Kwenye Baiskeli

Wanandoa wakipanga kuhamia mji mwingine huulizana mambo yaleyale. Kazi ipo? Kodi ya nyumba shilingi ngapi? Shule zikoje? Tutakuwa karibu na wakwe au mbali nao? (Wengine wanaanzia hapo kwenye wakwe, na wala si kwa sababu ya kuwapenda!) Suala la usafiri linakuja mwisho kabisa, tena kwa swali moja tu: gari tutanunua lini?

Hapo ndipo ugomvi wa miaka mitano ijayo unapopandwa. Gari likija linakuja moja, na likiwa moja lina mwenyewe. Baba anaondoka nalo saa kumi na mbili asubuhi. Mama anabaki na bodaboda, na nauli ya kuomba, na maelezo ya nauli ya jana ilikwenda wapi. Akitaka kumwona shosti wake Jumamosi lazima asubiri "dereva" arudi kutoka kwenye mpira. Mtu mzima huyo, ana akili zake na kazi yake, lakini hatoki nyumbani mpaka apelekwe.

Sasa fikiria nyumba hiyohiyo ikiwa na baiskeli mbili. Haziuliziani mafuta. Kila mtu anatoka kwa muda wake na kurudi kwa muda wake, na hela ya bodaboda inabaki kwenye pochi. Tatizo ni kwamba baiskeli bila mji wa kuiendeshea ni pambo la stoo. Kuna miji itakayokufanya uiuze ndani ya mwezi mmoja, na kuna miji ambayo utashangaa kwa nini ulichelewa kununua. Utaijuaje kabla hujafunga mizigo?

Njia maalumu peke yake haitoshi

Wengi wakisikia mji wa baiskeli wanawaza njia maalumu pembeni ya barabara. Njia ni nzuri, hakuna anayebisha. Lakini tuitazame Dar es Salaam. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara ilikuwa imejengewa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika kuipata. Haki yake, tuseme ukweli. Ila pita Manzese saa kumi na moja jioni uone. Njia ileile ina meza ya machungwa, ina bodaboda anayekwepa foleni, ina gari lililopaki "dakika moja tu". Na ukiiacha Morogoro ukashika Mandela, ni wewe, malori ya bandarini na Mungu wako.

Halafu kuna umbali. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, na wamesambaa kweli. Mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta akienda kwa baiskeli kila siku, hayo siyo maisha tena, ni mashindano.

Kwa hiyo njia isikudanganye. Kipimo cha uhakika ni hiki: nendeni huo mji mnaoutaka, siku ya kazi, mkae kibarazani karibu na njia panda saa moja asubuhi na chai yenu. Hesabuni baiskeli 20 za mwanzo. Wangapi ni wanawake? Wangapi ni wanafunzi? Kuna mzee hata mmoja?

Kwa nini wanawake? Kijana wa kiume anaendesha popote. Utamkuta katikati ya malori na magunia mawili ya mkaa kwenye keria, anapiga mluzi. Yeye hakuambii lolote kuhusu usalama wa mji. Mama mwenye mtoto nyuma na ndoo ya samaki mbele hafanyi mchezo huo. Akiiona barabara ni ya hatari, anashuka na kwenda kwa miguu. Ukimwona anaendesha, tena anaongea na mwenzake njiani, basi ujue mambo matatu hapo yako sawa: magari yanakwenda polepole, sehemu za muhimu ziko karibu, na majirani hawamkodolei macho.

Hilo la magari kwenda polepole si dogo. Mwisho wa mwendo kisheria kwenye makazi ya watu Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Gari likiwa kwenye mwendo huo linahitaji kama mita 28 kusimama, tangu dereva alipoona hatari. Likiwa kwenye 30, linasimama ndani ya mita kama 13. Mita hizo 15 za katikati ndizo anazosimama mwanao.

Na msidhani wenzetu wa Uholanzi walizaliwa juu ya baiskeli. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300 nchini mwao, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani kupiga kelele. Mji wa Groningen mwaka 1977 ukapanga barabara upya ili magari yasikatize katikati ya mji. Leo bibi wa huko anakwenda sokoni kwa baiskeli na hakuna anayegeuka kumtazama.

Milima na miiba

Tukirudi nyumbani, ardhi nayo ina maneno yake. Mwanza ni mji mtamu, una samaki, una upepo wa ziwa, lakini ile miamba na vilima si rafiki wa cheni. Utashuka asubuhi kama ndege, jioni unasukuma. Moshi inategemea umepanga wapi: upande wa Kibosho na Uru ni kupanda mlima tu, upande wa kusini kuelekea TPC ni tambarare na baiskeli ziko kibao. Arusha ni miteremko. Morogoro mjini pako vizuri, ukiacha ile barabara kuu inayopitisha mabasi na malori ya mikoani.

Shinyanga ni tambarare, na baiskeli huko zina heshima ya siku nyingi. Kabla pikipiki hazijatawala, baiskeli za kubeba abiria ndizo zilikuwa zinaitwa daladala! Kanda ya Ziwa pia imezoea mashindano ya baiskeli, na wanawake wanashindana humo, tena si kwa kusindikiza. Uwe tu na pampu yako, maana miiba ya huko haina adabu kwa tairi. Ifakara nayo, kule bonde la Kilombero, baiskeli ni kama viatu, kila nyumba inayo.

Zanzibar mashambani ni raha. Paje na Jambiani utawaona akina mama wakipita na baiskeli zao kama kawaida. Darajani ni habari nyingine, usijaribu na mtoto. Na kama unawaza Lamu kwa sababu haina magari, pole: vichochoro vya mji mkongwe ni vya miguu na punda.

Tanga waja leo, warudi leo… kwa baiskeli

Mimi nikiulizwa mji mmoja, nataja Tanga bila kufikiri mara mbili. Najua Wabongo watacheka, "Tanga kuna nini?" Kuna mji ambao mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuishi mwaka mzima bila gari na asijione maskini.

Kwanza ni tambarare. Pili, ni mji uliopangwa. Ngamiani ina barabara zilizonyooka na kupewa namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Ukiambiwa "barabara ya kumi na mbili" huhitaji ramani. Mpango huo una faida ambayo wengi hawaioni: njia ziko nyingi zinazokwenda sambamba. Barabara moja ikijaa magari, unahamia ya jirani yenye watoto wanaocheza na kuku. Huko Dar mara nyingi njia ni moja, na nyote mmo humohumo.

Tatu, ni mji wa kadiri. Ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, lakini sensa ya 2022 haikuufikisha watu laki nne. Soko, hospitali, shule, ufukwe wa Raskazone, vyote unavifikia kabla jasho halijakukauka. Na jasho litakuwepo, tusidanganyane. Joto la pwani na unyevunyevu wake mwezi wa Januari si mchezo. Beba blauzi ya kubadilisha. Masika nayo, kuanzia Machi mpaka Mei, kuna asubuhi utapanda bajaji tu.

La nne ndilo kubwa. Tanga mwanamke kwenye baiskeli si habari. Utamwona mwalimu, utamwona muuguzi, utamwona bibi na kikapu chake, wengine na baibui, wengine na dera na kanga begani. Nyingi ya baiskeli hizo ni za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na bomba la kati lililoshuka, kwa hiyo huna haja ya kurusha mguu juu mbele za watu. Kama unavaa nguo ndefu, mwambie fundi akufungie kava la cheni kabla hujaondoka dukani. Dera likinaswa na cheni, utaanguka na dera litachanika.

Kasoro? Zipo. Malori ya bandarini na ya saruji kutoka Pongwe yana barabara zake, zijue uziepuke. Ujenzi wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani umeongeza pilikapilika. Bodaboda ni wengi na haraka yao ni ileile ya kila mji. Na kazi za maofisini si nyingi kama Dar. Hapo ndipo wanandoa wengi hukwama: mmoja kapata kazi, mwingine hajapata. Mji mzuri wa baiskeli ambao mmoja wenu atakaa kibarazani anahesabu siku hautawafaa, na baiskeli haitaokoa ndoa hiyo. Likaliwe kikao mapema.

Wifi atasema nini?

Kikao hicho kina ajenda nyingine ambayo watu wanaikwepa. Je, mume yuko tayari kumwona mkewe juu ya baiskeli? Wapo wanaume wasomi kabisa, suti na tai, lakini mke akitaja baiskeli wanawaka. "Watu watasema siwezi kukutunza." Wapo wanaohofu kwamba mke mwenye usafiri wake "atazurura". Kaka yangu, mke akitaka kuzurura hata bodaboda anazijua. Unachomnyima kwa kumkataza ni muda wake na hela yenu.

Na mawifi nao hawakosi la kusema. Bado kuna watu wanaamini baiskeli inamharibu msichana, eti hatazaa. Hakuna ukweli wowote wa kitaalamu katika hilo. Kwa mjamzito hofu ya kweli ni kuanguka, na hilo ni la kuzungumza na mkunga wako kliniki, si na wifi sebuleni.

Ndiyo maana nasema hesabuni wanawake kwanza. Katika mji ambao wako wengi, kelele hizi hazina nguvu. Wifi akisema, dirishani anapita mama mchungaji na baiskeli yake, hoja imekwisha. Katika mji ambao utakuwa wa kwanza na wa pekee, lazima mwenzi wako awe upande wako waziwazi, mbele ya ndugu zake. Asipokuwa, utachoka kabla ya tairi.

Mtaa kwanza, mji baadaye

Mkishachagua mji, kazi haijaisha, maana mji mmoja una mitaa kumi tofauti. Mwendo wa kawaida wa baiskeli, bila kukimbizana na mtu, ni kilomita 12 mpaka 15 kwa saa. Kilomita 5 ni dakika 20 mpaka 25. Hiyo ndiyo mwisho ambao mtu wa kawaida ataendesha kila siku akafika kazini bado anaongea vizuri na watu. Kwa hiyo chukueni ramani, wekeni kidole kazini kwa mama, kingine kazini kwa baba, kingine shuleni, halafu tafuteni nyumba katikati. Dodoma, kwa mfano, ina barabara pana, lakini anayefanya kazi Mji wa Serikali Mtumba na kupanga katikati ya mji ana safari ndefu na jua la utosi. Huyo apange upande wa huko au asahau baiskeli.

Nyumba ya karibu inaweza kuwa na kodi ya juu kidogo. Pigeni hesabu ya bodaboda mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa watu wawili, kisha muilinganishe na hiyo tofauti ya kodi. Mara nyingi mtanyamaza.

Kabla hamjalipa, mtafuteni fundi baiskeli wa mtaa huo. Mafundi wanajua yote: barabara gani ina mchanga, kona gani watu wanagongwa, nani anaiba. Mkikosa fundi ndani ya mwendo wa dakika kumi, hilo nalo ni jibu. Kisha muulizeni mwenye nyumba baiskeli zitalala wapi. Akisema "hapo nje tu, huku hakuna wezi", angalieni madirisha yake yana nondo za unene gani.