Jichumie mwenyewe: Mteja anapogeuka mvunaji shambani

KWA mkulima wa matunda, wakati wa mavuno ndio wakati wa gharama. Vibarua wanataka ujira wao jioni, masanduku yanatakiwa, gari linatakiwa, na dalali anamsubiri sokoni na bei yake mfukoni. Tunda halina subira kama gunia la mahindi. Likishaiva lazima liuzwe, na mnunuzi analijua hilo vizuri. Ndiyo maana wapo wakulima, hasa wa matufaha ambayo wengi wetu sokoni tunayaita maepo, walioamua kugeuza mambo. Badala ya kumpelekea mteja tunda, wanamleta mteja kwenye mti.

Mtindo huu umeenea sana nchini Marekani. Familia huondoka mjini Jumamosi asubuhi, hufika shambani, hukabidhiwa mfuko mtupu getini, huchuma matufaha kwa mikono yao na kurudi nyumbani na mzigo wao. Kwa wageni hayo ni matembezi, lakini kwa mkulima ni mavuno. Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa, faida yake ilipo na hatari zake zilipo, kwa sababu ukiitazama kwa mbali inaonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Ilianza kwa shida

Mashamba ya jichumie mwenyewe hayakuanzishwa kwa ajili ya starehe. Marekani yalipata umaarufu katika miaka ya 1930 na 1940, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bei za mazao zilishuka kiasi kwamba kwa baadhi ya wakulima, fedha ya kulipa wachumaji na kununua masanduku ilizidi ile ambayo wangeipata sokoni. Wakaona kuliko matunda yaozee mtini, heri wafungue mashamba ili watu wachume wenyewe kwa bei nafuu.

Leo sababu imebadilika. Mteja wa sasa mara nyingi hafuati unafuu wa bei. Anaishi ghorofani, na watoto wake wamezoea kuona tufaha likiwa limepangwa kwenye rafu ya duka tu. Anataka walione likining'inia kwenye tawi, walichume na waling'ate papo hapo. Kwa hiyo mkulima anauza vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani tunda na safari. Asiyeelewa hilo atashangaa kwa nini jirani yake mwenye miti michache anapata wateja wengi kuliko yeye.

Namna inavyoendeshwa

Chukua mfano wa Bonde la Mto Hudson, kaskazini mwa Jiji la New York. Eneo hilo ni maarufu kwa matufaha, na liko umbali ambao mtu wa jijini anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Msimu huanza kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, na huendelea hadi Oktoba. Mauzo makubwa hufanyika Jumamosi na Jumapili.

Wakulima hupanda aina mbalimbali ili shamba lisiive lote kwa mara moja. Gala na McIntosh hutangulia, na Fuji huja nyuma kabisa. Kila wiki mkulima hufungua mistari iliyoiva na kufunga mingine kwa kamba, na vibao huwaelekeza wageni waende wapi.

Miti nayo huchaguliwa kwa makusudi. Mtufaha ulioachwa ukue upendavyo huwa mrefu, na mgeni hawezi kuuvuna bila ngazi. Kwa hiyo wakulima wengi hutumia miche iliyobebeshwa juu ya mashina mafupi. Mojawapo ya mashina hayo ni M.9, lililotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha East Malling nchini Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1913. Mti wa aina hiyo huishia kwenye mita mbili na nusu hadi tatu, na huanza kuzaa mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili au mitatu. Matunda yake mengi hufikiwa na mtu mzima aliyesimama chini.

Getini mashamba mengi huuza mfuko kabla ya mgeni kuingia, kwa mfano mfuko wa kilo nne na nusu au wa kilo tisa hivi. Mgeni akishalipia mfuko, mkulima ana uhakika wa fedha yake hata kama huyo mgeni atatafuna tufaha moja au mawili njiani. Wengine hutoza kiingilio, na wengine hupima kwenye mizani wakati wa kutoka.

Kabla ya kuanza, mgeni hufundishwa kuchuma. Tufaha hushikwa kwa kiganja, likainuliwa juu na kuzungushwa kidogo hadi liachie lenyewe likiwa na kikonyo chake. Halivutwi kwa nguvu. Tawi fupi linalobeba tunda la mwaka huu ndilo lenye chipukizi la maua ya msimu ujao, na likivunjika mkulima amepoteza mavuno ambayo hata hayajaja.

Tupige hesabu

Hebu tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima mwenye kilo 1,000 za matufaha, kwa shilingi za Tanzania. Tuseme sokoni anauza kilo kwa shilingi 2,000, hivyo anapata shilingi 2,000,000. Akitoa ujira wa wachumaji shilingi 150,000, masanduku shilingi 100,000, usafiri shilingi 250,000, na ushuru pamoja na dalali shilingi 200,000, anabaki na shilingi 1,300,000.

Sasa tuseme amefungua shamba na kuuza kilo kwa shilingi 1,800. Kati ya zile kilo 1,000, kilo 150 zinaliwa mtini, zinaanguka au zinapondwa. Anauza kilo 850 na kupata shilingi 1,530,000. Akilipa wasaidizi wa getini na wa kuelekeza wageni, maji, vyoo na vibao jumla ya shilingi 200,000, anabaki na shilingi 1,330,000.

Tofauti ni shilingi 30,000 tu! Hapo ndipo siri ya biashara hii ilipo. Faida haitoki kwenye tunda peke yake. Inatoka kwa mgeni aliyekwisha kuingia ndani ya uzio akiwa na njaa, kiu na watoto. Ndiyo maana mashamba ya Marekani huuza pia juisi ya matufaha, maandazi, asali, jamu na maboga, na huwazungusha watoto kwenye tela la trekta. Kama mkulima wetu wa mfano angepata wageni 200 na kila mmoja akalipa kiingilio cha shilingi 1,000, hapo pangeongezeka shilingi 200,000 kabla hajauza hata chupa moja ya juisi.

Lakini geuza upande wa pili. Mvua ikinyesha siku ile na nusu ya wageni wasije, mauzo yanashuka hadi kilo 425, yaani shilingi 765,000. Wasaidizi wanadai malipo yao yale yale, na nusu ya matunda bado yako mtini. Mkulima asiye na mnunuzi wa akiba amepata hasara.

Hatari zilizopo

Hatari ya kwanza ni hali ya hewa. Machi 2012, kaskazini mashariki mwa Marekani na maeneo ya Maziwa Makuu ya huko palikuwa na joto lisilo la kawaida, mitufaha ikatoa maua mapema. Mwezi Aprili baridi kali ikarudi na kuyaunguza. Jimbo la Michigan lilipoteza karibu tisa ya kumi ya matufaha yake, na New York karibu nusu. Mei 18, 2023 baridi ya usiku mmoja iliharibu tena mashamba mengi ya New York na majimbo jirani. Muuzaji wa sokoni anaweza kununua matunda kwingine akauza, lakini aliyemwahidi mgeni kwamba atachuma mtini hana cha kumwonyesha.

Ya pili ni afya. Mgeni hula tunda papo hapo bila kulimenya, na pengine bila kuliosha. Kwa hiyo mkulima aliyepulizia dawa lazima ahesabu siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa kabla ya kuruhusu mtu kuchuma. Vilevile, matunda yaliyoanguka chini yana hatari, hasa pale mifugo au wanyama wanapopita. Mwaka 1996 juisi ya matufaha isiyochemshwa iliwaambukiza watu kadhaa nchini Marekani bakteria wa aina ya E. coli na kusababisha kifo cha mtoto. Tangu hapo masharti ya utengenezaji wa juisi yakakazwa. Sehemu ya kunawia mikono na choo safi ni lazima, si mapambo.

Ya tatu ni ajali. Mtoto akianguka mtini, lawama ni za nani? Majimbo mengi ya Marekani yametunga sheria zinazompa mkulima kinga fulani iwapo ameweka vibao vya tahadhari, na hata hivyo wakulima wengi hukata bima.

Mfano wa nchi ya joto

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya nchi za baridi. Lakini kuna mji wa Batu, karibu na Malang, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia. Uko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, latitudo isiyopishana sana na ya Iringa, na mashamba yake yako milimani. Miaka mingi mji huo umejulikana kwa matufaha, na wageni humiminika huko kuchuma wenyewe. Mara nyingi hulipa kiingilio, hula shambani wanavyotaka, na yale wanayoondoka nayo hupimwa kwa kilo.

Mtufaha kwa kawaida unahitaji majira ya baridi ili upumzike na kutoa maua. Batu hakuna majira hayo. Wakulima wa huko huondoa majani yote kwa mkono muda mfupi baada ya kuvuna, na huinamisha matawi. Mti unachipua upya na kutoa maua, na baada ya miezi mitano hivi matunda yanakuwa tayari. Kwa njia hiyo wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, na kwa kupishanisha mistari shamba linakuwa na matunda karibu muda wote.

Hata hivyo, Batu nako kuna funzo. Joto limeongezeka, udongo umechoka na gharama za dawa zimepanda, na wakulima wengi wameng'oa mitufaha na kupanda michungwa. Wageni hawakuacha kuja. Sasa wapo wanaokwenda kuchuma machungwa. Hiyo inaonyesha kwamba kinachouzwa zaidi ni ile nafasi ya kuchuma.

Kwa mkulima wa hapa

Nyanda zetu za juu, kama Njombe na Lushoto, zina wakulima wa matufaha, na kwa sehemu zenye baridi ya wastani zipo aina zisizodai baridi nyingi. Anna, iliyotoka Israel, ni mojawapo. Lakini Anna huzaa vizuri ikipandwa pamoja na aina nyingine inayotoa maua wakati huo huo, kama Dorsett Golden, ili nyuki wahamishe chavua. Mtu akipanda aina moja tu asilaumu miche.

Kabla ya kufungua geti, mkulima ajiulize maswali matatu. Je, kuna mji au barabara yenye watu wenye uwezo, ambao wanaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo? Je, barabara ya kuingia shambani inapitika mvua ikinyesha? Je, nani atanunua matunda yatakayobaki? Kama jibu la swali la kwanza ni hapana, soko na dalali bado ni njia bora, na hakuna aibu katika hilo.

Kama jibu ni ndiyo, aanze kidogo. Atenge mistari michache ya miti iliyo karibu na njia, awaite watu wa shule moja au kanisa moja au msikiti mmoja, na apime kilo zilizouzwa na zilizopotea. Sehemu nyingine ya shamba iendelee kwenda sokoni. Jirani mwenye mizinga alete asali, mama lishe aweke meza yake ya chakula, kijana mwenye bodaboda alete wageni kutoka kituo cha basi. Haba na haba hujaza kibaba, na shamba linalolisha wengi ndilo linalolindwa na wengi.