Fedha Kashani Si Faida

Mwaka unapomalizika, wanachama wa maduka ya ushirika Visiwani hungojea kwa hamu mgawo wa faida. Lakini faida haijulikani kwa kufungua kasha na kuhesabu noti. Hujulikana kwa kufunga hesabu.

Tuchukue mfano wa duka lililouza bidhaa za Sh. 9,000,000. Lilianza mwaka na bidhaa za Sh. 2,000,000, likanunua za Sh. 7,000,000, na zimesalia za Sh. 3,000,000. Zilizouzwa, basi, ziligharimu Sh. 6,000,000. Ukiondoa mishahara, pango na uchakavu wa mashua, jumla Sh. 2,400,000, faida halisi ni Sh. 600,000 tu. Kashani huenda zimo Sh. 1,500,000, lakini humo mna fedha za muuzaji wa jumla ambaye hajalipwa. Wakigawana zote, watakuwa wamegawana deni. Mizania ndiyo inayolifichua deni hilo.

Tunawasihi wanachama wasikubali mgawo kabla ya kusomewa hesabu mkutanoni. Nao maofisa wa ushirika wawafundishe makatibu kuhesabu bidhaa na kutunza stakabadhi tangu mwanzo wa mwaka, wasingojee kuja kukagua duka lililokwisha kufilisika.