Wito Haumpumzishi Mwalimu

Ukimwambia mwalimu aliyechoka kuwa ualimu ni wito, umemsaidia nini? Maneno hayo hupendwa sana kwenye mahafali, aghalabu na watu wasioshika chaki.

Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuchunguza uchovu wa kazi miaka ya 1970, aliueleza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona unaowahudumia kama mzigo, na kujiona hufanyi la maana. Hiyo ya tatu ndiyo inayomla mwalimu kimyakimya.

Chukua Zanzibar. Sera ya Elimu ya 2006 ilitaka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mwalimu aliyekuwa akieleza hesabu za sehemu kwa Kiswahili, watoto wakamfahamu papo hapo, akajikuta anababaika na kitabu mbele yao. Mapenzi yake kwa watoto yalibaki yale yale. Asichokiona tena ni kazi yake kuzaa matunda. Nasaha za maadili hazimtibu huyo.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema binadamu hustawi kazini akiwa na mambo matatu: kujiamulia, kuimudu kazi, na kuwa na wenzake. Kwa mawili ya mwanzo, Pujini, kisiwani Pemba, pana pa kuanzia. Yapo magofu ya ngome ya karne ya 15 ya Mkama Ndume, mtawala anayesimuliwa kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Kuna pia kisima kilichotiwa ukuta katikati, ati wake zake wawili wasikutane. (Wivu huo peke yake unatosha kipindi kizima!) Mwalimu akiwapeleka wanafunzi na kamba, wakapima kuta, wakachora ramani, kisha wakabishana lipi linathibitishwa na mawe na lipi ni hadithi tu, amesomesha hesabu na historia kwa somo alilolibuni mwenyewe. Na matokeo atayaona siku ile ile.

Mshahara nao una nafasi yake, tena kubwa. Mwenye deni dukani hasikilizi saikolojia.

Katika yale mambo matatu, kuwa na wenzake ndiko tunakopuuza zaidi. Katika skuli yenye mikondo miwili, mwalimu wa asubuhi anatoka, wa mchana anaingia, salamu mlangoni basi. Walimu wakuu, tengeni kipindi kimoja kwa wiki walimu wawili waingie darasa moja, kisha wakae wazungumze wanafunzi walishika wapi na walikwama wapi. Hilo halingoji bajeti ya wizara.