Chunusi si uchafu

Kamusi huipa chunusi maana mbili: kipele cha usoni, na zimwi linalozamisha watu majini. Mimi, mtoto wa Kalemie, ya ziwani sikuiogopa. Za usoni ndizo zilizonizamisha.

Waliniambia sinawi. Nikasugua uso, kisha nikapaka krimu ya kung'arisha ngozi kutoka sokoni, zikazidi.

Chanzo si uchafu. Homoni huongeza mafuta ya ngozi, vinyweleo huziba, bakteria huzaana, ngozi huvimba. Baadhi ya krimu hizo zina klobetasoli, dawa ya jamii ya steroidi ambayo yenyewe huweza kuzusha chunusi.

Zilizo kali humhitaji daktari, ambaye huweza kuandika peroksidi ya benzoili pamoja na doksisiklini. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 12. Kukamua huacha makovu, kuchelewa pia.