Kobe Aliyetua Kimbiji

Desemba 2004, kobe mkubwa ajabu alitoka baharini na kupanda ufukweni Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam. Si kasa, ni kobe: miguu minene ya nchi kavu, haina umbo la kasia. Alikuwa amekonda vibaya, na miguuni amegandwa na vile viumbe vidogo vyenye magamba vinavyong'ang'ania chini ya jahazi. Watafiti walipoangalia ukubwa wa magamba hayo walikadiria kwamba alielea kwa wiki 6 hadi 7. Inaelekea alitoka Aldabra, umbali wa yapata kilomita 740.

Mwishoni mwa mwezi huohuo, Mombasa, kobe mwingine wa aina hiyohiyo, Mzee, alizoeana na Owen, kiboko yatima, na dunia nzima ikawajua. Yule wa Kimbiji hakupata sifa hizo. Lakini kwa sisi tunaosoma viumbe, ndiye aliyekuja na habari nzito. Siku zote tulisema kobe wa visiwani walifika kwa kuelea, na siku zote tuliulizwa, nani aliwaona?

Aldabra ni visiwa vya matumbawe vya Shelisheli, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo. Vikubwa ni Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie, navyo vinazunguka ziwa la chumvi; urefu wa visiwa vyote kwa pamoja ni kilomita 34 hivi. Uwanja wa ndege hakuna, hoteli hakuna. Mgeni huenda kwa meli, akiwa na kibali cha Seychelles Islands Foundation, na usiku hurudi kulala melini. Safari nyingi hukwepa miezi ya kusi, bahari inapochafuka. Na ukishafika, ratiba yako haipangwi na saa ya mkononi, inapangwa na maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, maji ya ziwa hutoka kwa nguvu kupitia milango michache, yakiacha miamba iliyoliwa chini ikasimama kama uyoga. Nahodha akikosea hesabu, boti inalala mchangani.

Ukikanyaga nchi kavu, utakutana na kobe wapatao 100,000. Huko hakuna swala wala nyumbu wa asili. Anayekata majani ni kobe, dume lake likiweza kufikia kilo 250. Amejilisha hivyo kwa maelfu ya miaka hadi baadhi ya nyasi zimejifunza unyenyekevu: hubaki fupi kama zulia na huzaa mbegu chini kabisa, mdomo usikofika kwa urahisi. Maji ya kunywa ni haba, kwa hiyo kwenye vidimbwi vya kina kidogo kobe huinamisha kichwa na kuvuta maji kwa pua. Mchana asipopata kivuli, jua linamuua. Ukimkuta amejikunyata chini ya mti, basi, usimwondoe ili upate picha nzuri.

Mimi, hata hivyo, ningemfuata kwanza ndege mmoja wa jamii ya kukuziwa, mwenye koo jeupe na udadisi wa mtoto. Haruki. Atakuja kukagua kiatu chako kwa mdomo. Mababu zake waliruka kutoka Madagaska, wakakuta mahali pasipo mnyama wa kuwawinda, na kizazi baada ya kizazi mabawa yakalegea, maana kuyatunza ni gharama. Kisha, kama miaka 136,000 iliyopita, bahari ilipanda ikafunika Aldabra yote. Asiyeruka akafa. Maji yaliposhuka, ndege wa Madagaska wakaja tena, nao wakapoteza uwezo wa kuruka kwa mara ya pili. Ushahidi ni mifupa ya zama zote mbili, iliyoelezwa na wataalamu mwaka 2019. Hao waliopo leo ndio ndege wa mwisho wasioruka katika Bahari ya Hindi.

Mambo haya yote yalikaribia kufukiwa na lami. Miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga kituo cha ndege za kivita pale. Wanasayansi walipiga kelele, lakini nadhani iliyotuokoa zaidi ni paundi, iliyoshushwa thamani mwaka 1967 na mpango ukaachwa. UNESCO iliviingiza visiwa hivyo katika Urithi wa Dunia mwaka 1982.

Leo mgeni hukaguliwa kabla ya kushuka: soli za viatu, mifuko, hata mikunjo ya suruali, isije mbegu moja ngeni ikapata njia. Taratibu hizo naziunga mkono kabisa. Mwaka 2019 kikosi cha watu wachache kilitumia wiki 5 kuokota taka kwenye fukwe hizohizo, wakaondoa tani 25, nazo zilikuwa sehemu ndogo tu. Nyingi zilikuwa nyavu na kamba za wavuvi. Miongoni mwa nyingine zilikuwamo kandambili kwa maelfu, zilizoelea kutoka mbali kama alivyoelea yule wa Kimbiji, na hakuna aliyezikagua soli.